Sentimita Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja alichora ramani za majengo katika ofisi ya manispaa, na hakuna ukuta wake hata mmoja uliowahi kupatikana mrefu au mfupi kuliko ukuta wenyewe. Mafundi walisema ramani ikiwa yake unaweza kujenga umefumba macho. Alipostaafu alirudi nyumbani na kiuno kibovu, kwa mke aliyezoea kumwona jioni tu. Wiki ya tatu mke akamwambia, "Baba watoto, hebu tafuta pa kwenda. Unanipimia mpaka vitunguu."

Ndipo akajiunga na kundi la wachoraji, watu kumi na mmoja, wengi wao wastaafu kama yeye. Kila mwezi walikodi gari wakaenda kuchora majumba ya kale na vichochoro vyake. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja aliyewahi kufundisha sanaa, wakimwita Mwalimu. Huyo ndiye aliyempachika jina la Rula, na jina likaganda.

Kundi lilikuwa na desturi moja ambayo mimi naiita ushenzi mtupu. Alasiri, kabla ya kurudi, kila mmoja aliweka mchoro wake chini, wakaipitia yote kimya kimya. Ule ulioonekana hauna uhai uligeuzwa kifudifudi, na mwenyewe akainama kuuokota mbele za watu. Safari saba mfululizo aliyeinama alikuwa Rula, na kiuno chake hicho.

"Umeichora kama unaomba kibali cha ujenzi," Mwalimu alimwambia mara ya saba.

Wenzake walicheka, naye akacheka nao kwa kukosa la kufanya. Lakini ilimuuma. Mzee wa miaka sitini na miwili alitamani kusifiwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Safari ya nane akaangukia nyumba ya mawe ya ghorofa moja, mwisho wa kichochoro. Mwenye nyumba alikuwa mshonaji, bibi mjane aliyeshona sare za shule chumba cha chini na kupangisha vyumba vya juu. Alimtolea Rula kigoda, akamwekea na maji.

"Ichore vizuri, mwanangu," alisema. "Mimi sina mtoto wala pensheni. Nina hii."

Kutoka dirishani hadi mlangoni palikuwa na ufa mwembamba. Rula aliupima kwa mazoea: milimita mbili, tena kwenye lipu tu. Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akamwambia bibi kwamba ni mzima, utadumu hadi umzike yeye na wapangaji wake. Kisha akakaa kuchora, na katikati ya kazi akaikumbuka ile alasiri inayomsubiri. Akaupanua ufa. Wino ukamnogea, akaupanua tena, akaulaza na ukuta kuelekea njiani. Alipomaliza, mkono uliozoea ofisi ukaandika vipimo pembeni bila kuulizwa: ufa sentimita nne, ukuta umelala sentimita kumi na nane. Chini akatia saini na tarehe. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa kwa nyumba iliyokuwa kwenye karatasi. Mchoraji mwingine asingekosea hivyo, kwa sababu wachoraji wengine hawaandiki namba.

Siku hiyo Mwalimu aliuinua mchoro wake juu. "Leo Rula kafufuka," alisema, na wote wakapiga makofi.

Maonyesho yao yalifanyika katika ukumbi wa manispaa, na mchoro wa Rula ukatundikwa karibu na mlango. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwalika bibi mshonaji, aje aione nyumba yake ukutani. Bibi alikuja amevaa gauni jipya alilojishonea. Walikuwa wamesimama pale na kundi zima wakati mhandisi wa manispaa, kijana aliyefundishwa kazi na Rula, alipousogelea mchoro na kuukazia macho.

"Mzee, vipimo hivi ni vyako?"

Neno moja tu lingetosha: "Nimeongeza." Rula alijua anaulizwa nini na kwa nini. Akamtazama Mwalimu, akawatazama wenzake.

"Ni vyangu," alisema.

Bibi akacheka, akidhani ni utani. "Mwambie basi, mwanangu. Si uliugonga mwenyewe ukasema mzima?"

"Mama, mimi nilipima tu," Rula alijibu, asimtazame.

Mkaguzi aliyetumwa hakushuka hata garini. Alishaiona saini, ikamtosha. Bibi akapewa siku kumi na nne za kuhama, nyumba ibomolewe. Alipokwenda ofisini kulalamika walimwonyesha nakala ya mchoro na kumwambia kwamba huyu mzee hajawahi kukosea. Rula alifika mlangoni kwa mhandisi mara mbili, na mara mbili akageuza. Asije mtu akaniambia kwamba alikosa usingizi. Mkewe anasema alikoroma.

Siku ya kubomoa, Mwalimu alisema jambo kama hilo halipaswi kuwapita, kwa hiyo kundi zima likaja na madaftari. Tingatinga lilisukuma ukuta, ukagoma. Likasukuma tena, ukagoma. Baada ya mara ya tatu dereva aliteremka, akaukagua juu hadi chini, akauliza ni nani aliyesema huu unaanguka. Kisha akarudi kwenye usukani. Mara ya nne ukaanguka kwa ndani, ukalala chali kipande kizima, mawe bado yameshikana.

Bibi aliacha cherehani na mafurushi yake njiani, akaja akainama juu ya ukuta. Alipitisha kidole kutoka palipokuwa dirisha hadi palipokuwa mlango, polepole, kisha akamgeukia Rula.

"Sentimita nne ziko wapi, mwanangu?"

Rula alikuwa ameshafungua daftari.

"Sogea kidogo, mama," Mwalimu akasema kutoka nyuma. "Unamzibia."

Bibi akasogea, na Rula akaanza kuchora.