Nilitoa koti la marehemu, binti yangu akawaambia watu nimepoteza kumbukumbu

Bwana Yesu asifiwe admin, na nyote mnaosoma ukurasa huu. Hamjambo? Watoto hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio unauma. Naomba jina langu lifichwe.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, kwetu ni mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Shule niliishia darasa la saba. Tangu mwaka jana nipo Ulaya kwa binti yangu wa kwanza, ameolewa na Mzungu, akaniita nije kumsaidia kulea.

Kanisani huku nimepata rafiki, mama mmoja Mkongo, tunaelewana kwa Kiswahili. Baridi ilipoanza nikamwona anakuja ibadani na kisweta tu. Nyumbani kwenye kabati la koridoni kulikuwa na koti zito la kike, sijawahi kuona mtu akilivaa. Nikampa. Jioni nikamwambia binti yangu kwa furaha kabisa, nikijua atasema umefanya vizuri mama.

Akakimbilia kabatini kuangalia. Kumbe koti lilikuwa la marehemu mama yake mkwe wangu. Jamani, ningejuaje? Kwetu tanga likianuliwa nguo za marehemu zinagawiwa, hazibaki zikining'inia. Baba yake alipofariki, huyu huyu binti ndiye aliyesimama akawagawia baba zake wadogo mashati ya baba yake, huku analia. Lakini nilielewa kwamba huku kitu cha mtu ni cha mtu hata akiwa kaburini, nikamhurumia mkwe. Na kwa kuwa kwetu mkwe humzoei ukaongea naye hivi hivi, nikamwomba binti aniombee msamaha, koti nitalifuata mwenyewe. Akasema acha mama, nitakwenda mimi.

Jumapili yule Mkongo akanishika mkono, akaongea polepole kama anaongea na mtoto.

"Mama, mimi unanikumbuka?"

Nikacheka, nikadhani ni utani. Yeye hakucheka. Ndipo akaniambia binti yangu alipofuata koti alimweleza kuwa nimeanza kupoteza kumbukumbu, natoa vitu vya watu bila kujua.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza. Hakukataa.

"Ningesemaje, mama? Kwamba mume wangu anamvua mtu koti kwenye baridi? Wangemwona hana utu."

"Kwa hiyo bora mama yako aonekane hana akili?"

"Watu wazima wengi wanasahau. Hakuna atakayekucheka."

Angenigombeza ningevumilia, angesema mama ni mshamba ningekubali. Mtoto niliyemlea kwa maombi ameniuza ili mumewe asionekane vibaya.

Sasa kanisani wananisaidia kushuka ngazi. Zamu yangu ya kuongoza maombi ya akina mama amepewa mwingine, eti nipumzike. Juzi sikuuona mwiko, nikaogopa hata kuuliza uko wapi. Na jana mdogo wangu amenipigia kutoka Dodoma, sauti ya upole isiyo yake, anauliza kama dawa nameza. Kumbe habari imeshafika hadi nyumbani.

Nikisema ukweli, namwaibisha binti yangu na ndoa yake mbele ya watu. Nikinyamaza, nitarudi Kikuyu nikiwa mama ambaye hata neno lake haliaminiki tena.

Nishaurini wapendwa, nifanye nini? Msinitukanie mtoto, bado ni wangu. Naomba mnijibu mapema, mdogo wangu atapiga tena Jumapili na sijui nimwambie nini.