Mbwa Hanyonyi Chali

Siku hizi kila Jumanne, siku ya kupima watoto, zahanati yetu ina ukimya unaotisha. Watoto wanalia kama zamani, lango la chuma linagonga ukuta kama zamani, na akina mama thelathini wanabanana kwenye benchi la watu kumi na wawili. Lakini ile sauti iliyokuwa inafunika zote haipo, na masikio ya watu bado hayajazoea. Mama mmoja alisema alikaa pale saa mbili nzima akihisi kuna kosa amelifanya, ila hakuna wa kumwambia ni lipi.

Aliyekosekana ni Nesi Mizani, ambaye kwa miaka thelathini na minne alipima watoto wa mitaa yetu. Aliwavisha ile suruali ya turubai, akawaning'iniza kwenye ndoano ya mizani, akasubiri mshale utulie, kisha akasoma uzito kwa sauti ambayo hata waliokuja kung'olewa meno jengo la pili waliipata. Baada ya uzito ilifuata hukumu. "Huyu unamlisha au unamsimulia chakula?" "Kapungua nusu kilo. Imekwenda wapi, umeiazimisha?" Alikuwa na huruma nyingi sana, ila aliihifadhi mahali salama ambapo hakuna aliyewahi kuiona.

Siku ya kustaafu alipewa saa ya ukutani, na mgeni rasmi akamsifu kwa dakika ishirini kwa jina la mtu mwingine. Zahanati ilikuwa imeletewa mizani mpya, hivyo Nesi akaomba ile ya zamani, akaitundika barazani kwake. Tangu siku hiyo kila nyama iliyoingia nyumbani ilipimwa upya, na muuza nyama wa kona akawa mtu mwaminifu, uzeeni.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alikuwa na maneno machache, maana kwa miaka mingi king'ora kilimsemea. Yeye naye alimwita mkewe Nesi. Watoto wao wanne walikuwa watu wazima, wanaishi mbali, na kila Jumapili walipiga simu kwa sauti za watu wanaoogopa kuulizwa wamekula nini.

Mbwa hawakuwamo katika mipango. Maisha yake yote Nesi aliwataja katika orodha moja na kichocho na maji yasiyochemshwa. Lakini asubuhi moja, baada ya mvua, alipeleka taka kwenye jalala la mtaa akasikia kilio chini ya gunia. Watu watatu walikuwa wametangulia kupita hapo na wote walisikia panya. Nesi alisikia njaa. Akafunua gunia. Watoto wawili wa mbwa walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa amelala katikati yao, macho yamefumba, mabaki ya kitovu yamekaukia tumboni, mwili mzima ukitosha kiganjani.

"Kilio cha maumivu kinapanda," alimweleza mumewe alipofika nyumbani. "Cha njaa kinazunguka palepale."

"Sawa. Sasa?"

"Sasa nini? Apimwe."

Suruali ya turubai ingemmeza, kwa hiyo alifungwa kwenye kilemba na kuning'inizwa kwenye ndoano. Mshale haukutikisika. Nesi akaugonga uso wa mizani kwa kidole, mara mbili. Mshale ukakaa palepale kwenye sifuri.

"Kwa mujibu wa serikali," mumewe alisema, "huyo hayupo."

Akaenda kuazima mizani ndogo ya unga kwa jirani anayeoka mikate. Gramu mia mbili na kumi. Nesi akatafuta kadi moja tupu ya kliniki aliyobaki nayo, zile zenye njia ya kijani juu na nyekundu chini, akaandika tarehe na uzito. Palipoandikwa jina la mama alipaacha.

Kisha elimu ikaanza kufanya kazi yake. Alichemsha maziwa ya ng'ombe, akayapunguza kwa maji, akatia sukari kwa kipimo alichofundishwa chuoni. Alimlaza mtoto chali kwenye mkono wake wa kushoto, kichwa juu ya kiwiko, akamdondoshea kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Alipomaliza alimweka begani akampigapiga mgongo acheue. Kila baada ya saa mbili, bila kukosa. Kila chombo kilichemshwa na kila tone likaandikwa. Ni makosa machache duniani yaliyowahi kufanywa kwa usafi kiasi kile.

Siku ya tatu maziwa yalitoka puani. Pumzi ilikwaruza kama karatasi inayokunjwa, tumbo likawa gumu kama mpira, na mwili ukapoa. Nesi alimwekea sikio ubavuni akakaa hivyo kwa muda mrefu. Sauti ile aliijua. Aliwahi kuisikia kwenye vifua vidogo mara nyingi, na alijua kwa kawaida wiki yenye sauti hiyo huishaje.

Mumewe akampigia bwana mifugo. Bwana mifugo alikuwa semina. Alikuwa semina tangu mwezi uliopita, na bila shaka mifugo yote ya eneo lake ilikuwa imearifiwa isiugue. Akataja dawa na kipimo kwenye simu, akashauri maziwa ya mbuzi, akasema ananong'ona kwa sababu mada inaendelea, akakata.

Mumewe akatoka kutafuta dawa na maziwa. Alirudi na dawa, na maziwa, na mwenye maziwa.

Mama wa Mbuzi anaishi nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa hajasimama mbele ya Nesi kwa miaka kumi na mitano. Mara ya mwisho alikuwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi mitatu, ananing'inia kwenye ndoano, naye akakiri kwamba anampa uji. "Uji?" Nesi alisema siku hiyo. "Miezi mitatu? Huyu ni mtoto au fundi ujenzi?" Benchi zima likacheka. Mama akamchomoa mwanawe kwenye suruali, akaondoka, na kwenye daftari la zahanati akaandikwa mtoro. Mtoto mwenyewe sasa ni kipa wa timu ya shule, na shida yake kubwa ni kupata viatu vinavyomwenea.

Mama wa Mbuzi alisimama mlangoni na kopo lake, akamtazama Nesi anavyolisha.

"Nesi," alisema, "umewahi kuona mbwa ananyonya chali?"

Mumewe aliangalia dari, ambayo ghafla ilikuwa na mengi ya kuangalia.

"Mimi sijaona. Labda hawa wa kisasa." Akaweka kopo chini, akanyoosha mikono. "Nipe. Unamjaza maziwa mapafuni."

Hakumlisha. Alimtia kifuani, ndani ya nguo, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Joto kwanza. Akiwa wa baridi tumbo limelala, ukimpa chakula kinachachia humo humo." Nusu saa ilipita. Nesi alichemsha tena vyombo vilivyokwisha kuchemshwa. Kisha Mama wa Mbuzi akakunja taulo, akamlaza mtoto kifudifudi juu yake, kidevu kimeinuka kidogo tu, akaingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo. Tone moja. Akasubiri koo litembee. Tone la pili.

"Haja anafanya?"

"Hajafanya tangu jana," Nesi alisema.

"Hawezi mwenyewe, bado mdogo. Mama yake huwa anamlamba mpaka atoe."

Nesi akamkazia macho.

"Usiniangalie mimi. Pamba na maji ya vuguvugu inatosha."

Nesi akasugua tumboni kwa pamba, taratibu, na mtoto akamkojolea kiganjani kwa muda ambao mwili ule haukuonyesha kwamba una uwezo nao. Mwanamke aliyekwisha kukojolewa na kizazi kizima cha mtaa alikaa anatazama kiganja chake kilicholowa kama mtu aliyepewa tuzo.

Wiki tatu Mama wa Mbuzi alikuja asubuhi na jioni na maziwa yaliyokorogwa na kiini cha yai. Alimsalimia mume wa Nesi, alipiga soga na mbwa, na kwa Nesi alitoa maagizo tu. Siku ya tano kifua kiliacha kukwaruza. Siku ya kumi macho yalifunguka. Mtoto aliitazama dunia na hakuonyesha kuvutiwa nayo. Bomba likabadilishwa na chupa ndogo. Kwenye kadi mstari ulipanda vizuri, mtu angeweza kuutumia kufundishia.

Habari ilikwisha kuenea. Ghafla kila mwanamke wa mtaa aliishiwa chumvi, na chumvi pekee iliyofaa ilikuwa ya Nesi. Walikuja na watoto mgongoni, wale wale waliokwisha kusomewa hukumu.

"Nesi, kadi yake iko wapi tuione?"

"Huyu mbona masikio yanalegea, Nesi? Unamlisha au unamsimulia?"

"Mwacheni, jamani, ni uzazi wake wa kwanza wa miguu minne."

Nesi alipima chumvi kwa kijiko na kusema karibuni tena.

Wiki ya nne uzito ulisimama. Gramu mia saba na hamsini leo, mia saba na hamsini kesho, na keshokutwa. Mbwa alikuwa ameota vijino kama punje za mchele, alitafuna chuchu ya chupa badala ya kunyonya, na kila akimaliza alilia kile kilio kinachozunguka palepale.

"Maziwa hayamtoshi tena," Mama wa Mbuzi alisema. "Mpe uji mwepesi kwenye kisahani."

"Mapema mno."

"Mapema kwa nani?"

"Tumbo halijawa tayari. Nimelifundisha hilo miaka thelathini na minne."

"Najua. Nilikuwepo darasani siku moja."

Mumewe alikumbuka kuna kitu amekisahau uani, akaenda kukitafuta.

Uji haukupikwa. Nesi aliongeza maziwa, akapunguza muda kati ya mlo na mlo, akafungua madaftari yake ya chuo yenye mwandiko wa msichana. Mama wa Mbuzi aliendelea kuleta kopo lake asubuhi na jioni, lakini sasa aliliacha mlangoni. Siku ya sita mbwa alikuwa amepungua gramu arobaini. Alilala pembeni ya kikapu, na harufu ya maziwa haikumwinua kichwa. Nesi alishika kalamu juu ya kadi. Mstari ulikuwa unateremka kwenye nyekundu. Alijua neno kwa neno angemwambia nini mama yeyote aliyeleta kadi kama ile, na kwa sauti gani, na benchi lingecheka wapi.

Akamfunga mbwa kwenye kanga, akatoka na ndala zake za ndani, akapita mbele ya wote waliokuwa wakisubiri unga wao kwenye mashine ya kusaga, akazunguka nyuma. Mama wa Mbuzi alikuwa amechuchumaa anakamua.

"Yule mtoto wako," Nesi alisema. "Siku ile. Kwa nini ulimpa uji?"

Mama wa Mbuzi hakugeuka. "Maziwa yalinikauka. Nilikuwa na siku nne sina hata tone. Nilikuja kukuuliza nifanye nini."

"Hukuniuliza."

"Ulinipa nafasi?"

Maziwa yaliendelea kupiga ubavu wa ndoo. Mashine ya kusaga ilinguruma upande wa pili wa ukuta, ikazimwa, ikawashwa.

"Na ningekuuliza," Mama wa Mbuzi alisema, "ungenijibu nini?"

Nesi alifikiri. Wote waliomjua wangekuambia kwamba hilo peke yake lilikuwa tukio.

"Sikuwa na jibu," alisema. "Kabatini tulikuwa na mabango tu. Mabango ya mama anayenyonyesha huku anacheka." Akamhamisha mbwa mkono. "Wengi walikuja na jambo ambalo sikuwa na jibu lake. Kupiga kelele kulikuwa rahisi."

Mama wa Mbuzi alikamua mpaka chuchu ikakauka. Akafuta mikono kwenye nguo yake. Hakusema yamekwisha, wala hakusema hayajaisha. Akamvuta mbuzi wa pili kwa kamba.

"Huyu anapiga teke," alisema. "Mweke huyo mtoto juani, unishikie miguu. Nikimaliza tupike uji."

Uji ulipikwa mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, ukachanganywa na maziwa, ukapozwa kwenye kisahani cha chai. Mbwa alisogezwa mbele yake. Aliunusa, uji ukamwingia puani, akapiga chafya. Kisha akatembea hadi katikati ya kisahani kwa miguu yote minne na kukaa.

"Huyu amekwisha," Nesi alisema polepole.

"Subiri."

Mbwa aliutazama mguu wake. Akaulamba. Akasimama kidogo kama mtu anayepiga hesabu, akaulamba tena, akahamia mguu wa pili. Miguu ilipokwisha alihamia kwenye kisahani, na hakuinua kichwa mpaka kisahani kikaanza kutembea sakafuni kwa kusukumwa na ulimi. Wanawake wawili walikaa kwenye vigoda wakakisindikiza kwa macho mpaka kikagota ukutani.

Kesho yake gramu kumi na tano zilirudi. Keshokutwa yake, thelathini. Akina mama wa chumvi walifichwa habari hiyo kwa siku tatu, kwa tahadhari. Baada ya wiki mbwa alikuwa anakula uji mzito, kisha samaki aliyesagwa, kisha pindo la pazia. Chupa aliisahau kabisa. Nesi aliendelea kutembea nayo mfukoni, yenye vuguvugu, na kila baada ya saa chache alimwonyesha. Mbwa aliipita kama mtu anavyompita bosi wake wa zamani sokoni. Aliyechelewa kuachishwa chupa alikuwa mmoja, na hakuwa na mkia.

Mbwa sasa ana miezi minane na analala kwa Mama wa Mbuzi, pamoja na mbuzi, kwa sababu anaamini yeye ni mmoja wao na hakuna aliyepata moyo wa kumweleza. Nesi bado anakaa nyumba ile ile. Lakini ukienda asubuhi utamkuta mumewe peke yake. Mkewe yuko nyuma ya mashine ya kusaga, anamshika miguu yule mbuzi anayepiga teke, na hurudi saa sita mchana.