Zenzi Apangiwa Tiba Mjini Kwao

Shirika la bima lilipomjibu Zenzi Schernthaner kwamba amekubaliwa kwenda kwenye tiba ya maji ya moto, wiki tatu, chakula na malazi juu yao, alisoma mpaka alipofika kwenye jina la mji, akavuta kiti. Mji wenyewe ulikuwa Bad Wildach. Zenzi alizaliwa Bad Wildach, akaolewa Bad Wildach, na hapo alipovuta kiti alikuwa Bad Wildach, jikoni kwake, maporomoko yakinguruma nje ya dirisha.

"Wamekosea," alisema mumewe, Virgil. "Wapigie simu."

Akapiga. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake.

"Mama, kwa magoti kama yako, maji ya Wildach hayana mfano."

"Najua, mwanangu. Nayasikia yakipita."

"Basi una bahati."

"Nilidhani mtanipeleka kwingine. Hata kule ziwani."

"Ukikataa utaanza upya, mama, na foleni ni ndefu."

Virgil alicheka mpaka akakohoa. Alisema jambo lenyewe ni zuri, Zenzi atashuka asubuhi akandwe magoti, mchana atarudi nyumbani kupika.

"Sirudi," alisema Zenzi. "Nimeandikiwa kitanda, nitakilalia."

Kwa ubatizo aliitwa Kreszenz, jina la bibi yake, ila aliyemwita hivyo ni padri peke yake. Mama yake alikuwa dobi kwenye hoteli kubwa iliyo ukingoni mwa maporomoko, na Zenzi alipomaliza shule alimfuata huko, akapewa pasi. Akanyoosha shuka za wageni miaka nenda miaka rudi. Hoteli ilipofungwa, alihamia nyingine iliyo chini yake, kazi ile ile. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji ule uliishi kwa neno hilo bila kulijua. Wageni walikuja na migongo na mapafu mabovu, wenyeji wakapona njaa. Kwamba mwenyeji naye ana magoti, hakuna aliyeliwaza.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, mahali alipozaliwa Virgil na baba yake kabla yake. Gari halifiki. Ngazi za mawe zinapanda katikati ya kuta za watu, na kuanzia Novemba hushika barafu. Viazi, kreti za bia, magunia ya kuni, hata mtoto mchanga, vyote vilipandishwa kwa mgongo wa mtu, na mara nyingi mgongo huo ulikuwa wa Zenzi, maana Virgil alishinda mlimani akitengeneza mitambo ya vibanda vya kamba vinavyowapandisha watelezaji theluji. Binti yao wa pekee, Gundula, aliishi Linz, na kila akipiga simu wimbo ulikuwa mmoja: uzeni nyumba, njooni huku, jengo lina lifti. Virgil humjibu kwamba lifti ametengeneza za kutosha, hana haja ya kuishi ndani ya mojawapo. Zenzi alikuwa akisikiliza mazungumzo hayo huku akimenya viazi. Hakuna aliyemuuliza lolote, naye hakuwa mtu wa kujichomeka.

Basi siku ilipofika akafunga sanduku dogo, akashuka ngazi pole pole, kwa kinyumenyume pale penye mwinuko mkali, akaingia nyumba ya tiba kwa mlango wa mbele. Kwenye chumba aliwekwa pamoja na mjane mmoja, Ottilie Pinterits, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyetoka mashariki ya nchi, kwenye tambarare za mizabibu. Ottilie alikuwa akija Wildach kila Oktoba tangu mumewe alipofariki.

"Mwenzangu umetoka wapi?" aliuliza.

"Upande wa Salzburg, huko milimani," alisema Zenzi. Haukuwa uongo.

"Mji huu unaujua?"

"Kidogo."

"Usijali, dada. Jumapili hakuna kukandwa wala kuzamishwa. Nitakutembeza."

Zenzi alipoona muda wa kusema umepita, aliacha hivyo hivyo.

Jumapili walitoka baada ya kifungua kinywa. Asubuhi ilikuwa baridi na kavu, na mvuke ulipanda kutoka kwenye vifuniko vya mitaro, kama kawaida ya mji ule, utadhani chini ya barabara kuna watu wanapika. Ottilie alimpeleka kwanza kwenye ukumbi wa kunywa maji. Akamwonyesha namna ya kushika kikombe, akamwambia asikae chini. Maji ya Wildach hunywewa kwa kutembea, funda moja, hatua chache, funda jingine. Zenzi alikuwa amepikia maji hayo maisha yake yote na kuyafulia. Kuyatembeza hakuwahi. Alizunguka ukumbi pamoja na wazee wengine, vikombe mkononi, wote wakienda upande mmoja, na hakuona aibu aliyoitarajia.

Kutoka hapo walishika njia ya matembezi inayofuata ubavu wa mlima. Kwenye kibanda cha muziki, bendi ya Wahungari waliovaa makoti mazito ilikuwa ikipiga nyimbo za kuchezea dansi, watu wasicheze. Ottilie akakaa kwenye benchi. Zenzi akabaki amesimama.

"Kaa, bwana. Benchi halijalipiwa na mtu."

Mwenyeji wa Wildach hakai kwenye mabenchi yale. Akikaa, jioni ataulizwa kama anaumwa. Zenzi alikaa ukingoni, mkoba juu ya mapaja, kisha akasogea nyuma taratibu mpaka mgongo ukagusa ubao. Wakasikiliza nyimbo tatu nne. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mbwa, fundi bomba anayemjua tangu utoto, alimtazama, akavua kofia kama anavyowavulia wageni, akaenda zake. Pengine hakumtambua.

Njiani waliipita ile hoteli kubwa iliyofungwa. Ottilie alitaka kumwonyesha mlango wake. Zenzi aliingia katika jengo lile kila siku ya ujana wake, lakini kupitia uani, penye mapipa. Sasa alisimama mbele, chini ya kipaa cha vioo vilivyopasuka, akaona kwamba juu ya mlango kulikuwa na nyuso za mawe, za wanawake, zikitabasamu kuelekea barabarani. Mmoja alikuwa amevunjika pua.

"Wazuri, eti?" alisema Ottilie.

"Sikujua kama wapo," alisema Zenzi.

Karibu na saa sita wakafika kwenye daraja la ng'ambo, mahali ambapo mji wote huonekana umesimama wima kama vyombo kwenye kabati. Ottilie aliegemea ukuta, akanyoosha kidole.

"Unaiona nyumba ile ya juu kabisa, yenye bomba la moshi lililopinda? Kila mwaka nikifika hapa lazima niitazame. Najiuliza, mwanamke gani huyo anayezipanda ngazi zile na kapu? Mume anayemwoa mtu na kumpeleka pale angechapwa."

Zenzi alitazama. Hakuwahi kuiona nyumba yake kutoka upande ule, kwa kuwa kwenye daraja lile hakuwa na shughuli. Ilikuwa ndogo, imejibana kwenye mwamba kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, na ngazi zilizoielekea zilionekana kama ufa ukutani. Kwenye roshani palikuwa na mtu anayehangaika na kitu kikubwa cheupe.

"Na yule babu!" alisema Ottilie. "Jumapili yote hii anaanika shuka. Tazama anavyopigana nayo. Maskini, labda mjane."

"Si mjane," alisema Zenzi.

"Umejuaje?"

"Ni mume wangu."

Ottilie alimgeukia, akaitazama roshani, akamtazama tena. Halafu kicheko kikamshika, akashika ukuta, machozi yakamtoka, na Zenzi naye akaanza kucheka, kwanza kwa pua, baadaye wazi kabisa. Watu wakawapita wakiwatazama.

"Mungu wangu, nimekwambia achapwe!"

"Nimesikia."

"Utanisamehe, dada?"

"Sikusamehe, hujakosea."

Walipotulia, Ottilie alitaka wapande wakamsalimie. Zenzi akakataa. Alisema leo yeye ni mgeni, na mgeni hapandi kule. Lakini akabaki pale darajani kitambo, mikono juu ya ukuta, mpaka Ottilie aliposema njaa inamuuma.

Kwenye mkahawa karibu na kanisa, Roswitha, mhudumu, alimwona tangu mlangoni.

"Jamani, mgeni wetu mheshimiwa! Tukuletee orodha ya vyakula, bibie, au umeikariri?"

"Lete," alisema Zenzi. "Na unifutie meza."

"Utalii umemharibu huyu!" Roswitha aliwatangazia waliokuwemo, akaifuta meza.

Zenzi aliagiza keki ya kukunjwa yenye jibini laini na sosi ya vanila, na kahawa ya maziwa. Alipokuwa katikati ya keki, Virgil akaingia na wenzake watatu kwa ajili ya karata zao za Jumapili. Alisimama kidogo, hajui kama amsalimie mkewe au ampite. Akaja.

"Wanakulisha vizuri?"

"Vizuri. Umefua shuka."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima umeona. Umeianika upande wa kivuli."

"Itakauka."

"Haitakauka, Virgil."

"Kumbe ndiye babu wa shuka!" alisema Ottilie, akampa mkono. Virgil akaupokea, akauliza babu gani.

Akakaa meza ya pili, mgongo ukielekeana na wa mkewe, karata zikagawanywa. Zenzi alimaliza keki. Akafuta mdomo. Kisha akasema, bila kugeuka na bila kupandisha sauti:

"Nimeiona nyumba yetu leo kutoka darajani."

"Iko pale pale."

"Iko juu mno. Sitaki kuipanda tena."

"Una wiki mbili nzima huko chini, utapumzika."

"Sisemi wiki mbili."

Virgil akatupa karata. Mwenzake aliyekuwa akicheza naye upande mmoja akapiga meza. "Mfalme! Unamtupa mfalme wetu bure? Umelewa kahawa?" Virgil akaiangalia karata ile mezani kana kwamba imetupwa na mtu mwingine.

Hakuendelea kucheza. Aliwasindikiza wale wanawake wawili mpaka nyumba ya tiba, mikono nyuma, akitembea hatua moja nyuma yao. Ottilie akatangulia ndani kwa heshima. Mlangoni Virgil alisema, "Miaka arobaini hukusema."

"Hamkuniuliza."

"Gundula ndiye aliyekutia maneno."

"Gundula anaongea na wewe. Mimi nilikuwa namenya viazi."

Virgil alisubiri mkewe aseme jingine. Zenzi akamwambia aitoe ile shuka kivulini kabla ya jua kwenda, akaingia.

Wiki mbili zikaisha, magoti yakapata nafuu, Zenzi akarudi nyumbani, maana hapakuwa na pengine pa kurudi. Hawakugombana. Ila Virgil alianza kupandisha kila kitu yeye mwenyewe, viazi, bia, kuni, kama anayetaka kuthibitisha kwamba ngazi hazina tatizo. Zenzi alimwacha apande. Mwezi wa pili, barafu ikamwangusha pale penye kona na gunia mgongoni. Hakuvunjika kitu, lakini hakuweza kuinuka, akalala pale viazi vikibingirika kuelekea mjini mpaka mwanamke wa posta alipompata. Alipoletwa ndani na kupewa konyagi, aliomba simu. Alimpigia Gundula mwenyewe, akamuuliza ile lifti ni ya kampuni gani na ilikaguliwa lini mara ya mwisho.

Nyumba ilinunuliwa na vijana wawili, mke na mume, kutoka Uholanzi, walioipenda kwa mandhari. Siku ya kuhama Virgil aliwaonyesha kila bomba na kila bawaba, kwa urefu mno, na Zenzi akangoja chini barabarani, ameketi juu ya sanduku.

Virgil hakupapenda Linz, na hakuficha. Alisema maji yake hayana ladha na watu wake hawasalimiani. Miezi ya kwanza alishinda dirishani. Baadaye akafahamiana na mlinzi wa jengo, wakawa wanafungua chumba cha mitambo juu ya paa na kubishana kuhusu nyaya, na Zenzi akapata nyumba yake asubuhi nzima. Aliipanga alivyotaka. Hakuwa mtu wa kusema amefurahi, lakini Gundula alimkuta mara mbili akiimba.

Kila Oktoba wanarudi Wildach, kwenye nyumba ndogo ya wageni nyuma ya kanisa, siku zile zile anazokuja Ottilie. Mwaka wa kwanza Virgil aligombana na karani wa mapokezi juu ya kodi ya wageni, akitaja majina ya babu zake waliozikwa pale, na karani, msichana wa juzi, akasubiri amalize, akampa risiti. Sasa analipa. Baada ya chakula cha mchana Ottilie na Zenzi huenda kusikiliza Wahungari, na Virgil huwafuata kwa mbali, akisema bendi hiyo haijui kupiga. Anakaa nao kwenye benchi mpaka wimbo wa mwisho.