Msimamizi Asiye na wa Kukunja Naye Shuka

Ni wakati wa chai, na chumba cha kukunjia nguo hakina mbavu. Mama mmoja wa upande wa taulo anasimulia jinsi mumewe alivyojifungia chooni akiwakwepa wakwe, wakwe nao wakakaa mpaka chakula cha jioni. Watu wanashikana mabega kwa kucheka.

Mlango unafunguka. Msimamizi anaingia na kikombe chake mkononi, na kicheko kinakatika pale pale.

"Karibu, bosi," anaambiwa, tena kwa heshima zote, na anasogezewa kiti kizuri kuliko vyote. Anakaa. Wenzake wanaangalia vikombe vyao. Mmoja anasema leo kuna joto, mwingine anakubali kuwa kweli lipo. Baada ya muda msimamizi anajifanya amekumbuka jambo ofisini, anatoka, na kabla hajafika mwisho wa korido kicheko kimerudi.

"Nasikia wanavyocheka nikishatoka," anasema, akifunga mlango wa ofisi yake ndogo yenye dirisha la kioo. "Nafurahi kwamba wanacheka. Ila zamani mchekeshaji wao nilikuwa mimi."

Jina la utani aliloingia nalo katika kampuni hii ya kufulia nguo ni Mrefu, na kweli Mungu hakumbania kimo. Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane. Mwanawe pekee anafanya kazi mbali na hupiga simu Jumapili, asipopitiwa.

Alianzia kwenye foronya, akapandishwa meza ya shuka, na hapo akakaa miaka tisa na mwenzake mmoja tu, mwanamke anayeitwa Mama Pacha. Shuka kubwa za hoteli na hospitali hazikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe za huku, yule za kule, wanaikung'uta, wanaendeana mpaka mikono inakutana, wanaachana tena. Katika kuendeana huko ndiko wawili hawa walikopeana habari zote za dunia, kuanzia mawifi hadi homa za watoto.

Siku hizo msimamizi alikuwa bwana mmoja mkali wa kutisha. Alikuwa akimfuata mtu mpaka mlango wa choo kumhimiza. Majina ya watu hakuyajua wala hakuyataka, aliita, "We wa foronya!" Ukiunguza shuka alikusimamisha mbele ya wote, huku umeishika. Mwaka wake wa mwisho wafanyakazi kumi na wawili waliacha kazi, na tajiri mwenye kampuni, kuona hivyo, akamwondoa na kumpa Mrefu nafasi.

Mrefu alianza na salamu. Kila asubuhi alipita meza hadi meza, akimwita kila mtu kwa jina lake na kumuuliza kaamkaje. Akaomba viti kwa wanaokunja foronya, maana ile kazi haihitaji miguu. Kwenye mashine ya kupasi, ambako joto linamtoa mtu roho, akaweka zamu. Aliyekosea alimwita kando, akamwambia kwa sauti ya chini, yakaisha. Na kila Ijumaa kikaanzishwa kikao ambacho mtu husema lake bila kuogopa kumwaga unga. Tangu hapo hakuna aliyeacha kazi.

Sasa, mtu mwema kama huyu alikosea wapi? Alikosea wiki ya kwanza kabisa, tena kwa kuogopa kukosea.

Mama Pacha alikuja kuomba atoke mapema. Mama yake mzazi alikuwa anaruhusiwa hospitali siku ile na hakuwa na mtu mwingine wa kumchukua. Mrefu alitazama nje ya kioo, akaona macho yote yamemgeukia. Akamkatalia.

"Nilijua watasema, ona, keshaanza na shoga yake," anasema. "Na mchana huohuo msichana wa taulo akaomba ruhusa, nikampa. Ndiyo akili niliyokuwa nayo."

Mama Pacha alimaliza zamu yake yote. Alipofika hospitali alimkuta mama yake amekaa kwenye benchi la nje, mfuko wa nguo mapajani, akisubiri tangu saa sita.

Mrefu alikwenda kuomba radhi kesho yake. Akajibiwa, "Kazi ni kazi, bosi." Ukapita mwaka na zaidi, na mpaka wiki iliyopita hakupata kwake neno jingine isipokuwa ndiyo bosi, sawa bosi, ahsante bosi. Matusi yangekuwa nafuu.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo kwenye kikao cha Ijumaa iliyopita. Mrefu alieleza wazo jipya: kila wiki watu wa meza ya shuka wabadilishane wenzi, ili wote wazoeane. Vichwa vikatikisika kukubali. Ndipo Mama Pacha, ambaye hakuwahi kufungua mdomo katika vikao hivi, aliposimama.

"Wewe mwanamke una akili kweli?" aliuliza. "Shuka ni mkono kuuzoea mkono. Unalijua hilo kuliko mtu yeyote humu. Au kukaa huko kwenye kioo kumekusahaulisha?"

Chumba kizima kikanywea.

"Nimesahau," Mrefu alisema. "Nimekosa, nisamehe."

Mama Pacha alimtazama kitambo, kisha akakaa. Wazo likafutwa. Jioni watu walitoka wawili wawili na watatu watatu wakipiga soga, na msimamizi akafunga milango peke yake.

Tajiri anafungua tawi jipya na anataka Mrefu akaliongoze, kwa mshahara unaozidi wa sasa kwa nusu nzima. Anatakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Alipoulizwa atajibu nini, alipitisha kiganja juu ya shuka iliyokwisha kukunjwa.

"Nitamwambia ampe mwingine. Huko watanipokea vizuri mno, bosi huku bosi kule," alisema. "Mimi naomba Mungu Ijumaa ijayo Mama Pacha anigombeze tena."