Makaa tuliyodhani ni ya watu wa kale, na majibu yaliyotufikia nyumbani

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi humu ni mtu wa kusoma na kupita, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenizidi, na hapa nyumbani hakuna wa kumwambia. Yote ni kweli tupu. Jina la mlima nimeliacha na ya watu nimeyabadili, mtaelewa kwa nini.

Niko Bujumbura, Kinama. Kiswahili chetu huku mnakijua, kimeingiliwa na Kifaransa na Kirundi, kwa hiyo nikiteleza mnivumilie.

Nilisoma historia chuo kikuu. Ukimaliza historia huku unakuwa mwalimu au unakaa. Mimi nilikaa.

Mama ana meza ya maharage na mawese soko la Jabe, na ndiyo iliyotulisha tangu baba afariki. Baba alikuwa Mkongomani wa Uvira. Mama ni Mrundi wa milimani, huko juu ya mji.

Huo mlima wa kwao ndio chanzo cha haya yote.

Ulikuja msafara wa watafiti wa mambo ya kale. Kiongozi wao alikuwa profesa mmoja mwanamke kutoka Ulaya, sisi tulimwita Madame tu. Alikuwa amesikia kuna mwamba mkubwa umeinama kama paa, na chini yake wakulima huokota vipande vya mawe yaliyochongwa, visu vya watu walioishi kabla ya chuma.

Alitaka mtu anayejua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na mwenye ndugu pale mlimani. Mjomba wangu Léonidas analima chini ya mwamba huo huo. Kazi nikapata.

Nilipomwambia mama kwamba tutachimba kolini kwao, yaani mlimani, upande wa kwa mjomba, alisema tu nimsalimie kaka yake. Mwamba sikuutaja. Sikuona sababu.

Wakuu, ile kazi niliipenda sana.

Unakwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa fundi na brashi, unaona rangi zinabadilika, kila rangi ni zama zake. Madame alikuwa mkali lakini mwenye subira. Alinifundisha kama mwanawe.

Ndani ya tabaka lenye yale mawe ya kale tukafikia jiko. Majivu, na makaa meusi yaliyokaa vizuri kabisa. Pembeni yake kulikuwa na kishimo kimefunikwa na jiwe la kusagia, limevunjika upande mmoja.

Tulipoliinua lile jiwe, chini yake kulikuwa na mifupa midogo sana.

Madame aliomba wote watoke shimoni. Akaniita mimi nibaki, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Mifupa ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Niliitoa mimi, kwa mikono yangu hii, na nilikuwa najivunia.

"Ni mtoto," Madame alisema. "Mchanga kabisa."

Mnajua nchi yetu. Mifupa mlimani si kitu cha kuchukulia kirahisi. Watu wa serikali waliitwa, wakatazama, wakaona mawe yaliyochongwa na lile jiwe la kusagia, wakaridhika kwamba ni mambo ya kale. Hata mjomba aliridhika. Miaka ya vita yeye alikuwa kambini Tanzania, hakuwa na cha kutuambia.

Madame alisema kama makaa yale yana umri sawa na yale mawe, basi huyu ni mmoja wa watoto wa zamani kabisa waliowahi kuzikwa na binadamu ukanda huu. Lakini akatuonya: "Tusiseme kitu mpaka majibu ya makaa yatoke."

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Mti ukiwa hai unavuta hewa, na ndani ya hewa kuna aina fulani ya kaboni. Ukikatwa au ukiungua, ile kaboni inaanza kupungua polepole sana, kwa maelfu ya miaka. Maabara inapima iliyobaki, inajua mti ulikufa lini. Mfupa nao unapimika hivyo hivyo.

Kwa hiyo makaa hayaguswi kwa mkono wala hayafungwi kwenye karatasi, yasichafuliwe na kaboni ya leo. Nilishuka mwenyewe mpaka Quartier Asiatique kununua karatasi ya aluminiamu ya kufungia. Makaa yakafungwa, mifupa ikawekwa kwenye boksi lenye pamba, vyote vikapanda ndege kwenda Ulaya kwa ruhusa zote.

Mimi nikabaki naota. Madame alikuwa ameniahidi kwamba majibu yakiwa mazuri, ataniombea nafasi ya kusoma master kwake.

Tukasubiri sana. Msimu wa mvua ukaja ukapita.

Siku moja mchana Madame akanipigia WhatsApp. Sauti yake tu ikanitosha.

"Si ya kale," alisema. "Ni ya juzi."

Akanieleza kwamba karne iliyopita mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia, na kaboni ile ikaongezeka hewani dunia nzima, halafu ikawa inashuka. Kuni zilizokatwa baada ya hapo zinajulikana mara moja. Makaa yetu yaliangukia miaka ya vita yetu.

"Watu walijificha humo," alisema. "Moto ni wao. Walichimba katikati ya udongo wa kale, ndiyo maana kila kitu kilichanganyika. Nasikitika, ni kosa letu kusoma vibaya."

Projet, ule mradi wote, ikaishia hapo. Na master yangu pia.

Nikarudi nyumbani nimechoka kama mgonjwa. Mama alikuwa ameshatoka sokoni, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Mbona uko hivyo, papa?" (Mama zetu huku huwaita watoto wao wa kiume papa.)

"Kazi imekufa, mama. Yale makaa si ya zamani. Ni ya watu walijificha wakati wa vita, chini ya ule mwamba."

"Mwamba gani?"

"Ule uko juu ya shamba ya mjomba."

Akatoa miguu kwenye beseni. Hakujifuta.

"Na mulipata nini ingine?"

"Mifupa ya mutoto."

Kisha akasema, polepole kabisa: "Ilikuwa na jiwe juu. Jiwe ya kusagia, imevunjika upande."

Wakuu, nyumbani sikuwahi kumwambia mtu habari za lile jiwe. Tuliambiwa tusiseme, na sikusema.

"Niliikuta humo humo," mama aliendelea. "Nilimuwekea juu, imbwa zisimutoe."

Mimi nilijua ndimi mzaliwa wa kwanza. Maisha yangu yote ndivyo nilivyojua.

Kumbe kabla yangu kulikuwa na Claudine. Alikuwa hajaanza kutembea. Vita ilipoingia Kinama baba alikuwa Uvira, njia zikafungwa, mama akapanda kwao na mtoto mgongoni. Alipofika akakuta nyumba ya wazazi wake imechomwa na watu wamekimbia. Akajificha chini ya mwamba pamoja na wamama wengine.

Claudine akashikwa na kikohozi.

"Tuliogopa moshi," mama alisema. "Mutu akiona moshi anajua kuko watu. Lakini mutoto alikuwa anatetemeka, wale wamama wakasema basi, tuwashe. Ule moto ilikuwa ya kumupasha joto yeye."

Ndio huo moto tulioupima maabara.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema yeye na baba walikubaliana wasiseme, ili watoto watakaozaliwa wasianze maisha na kilio.

Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Iko wapi sasa?"

"Ulaya, mama. Mu laboratoire."

"Wanamufanya nini huko?"

Nilipaswa kudanganya. Mpaka leo najiambia hivyo. Lakini nilikuwa nimepigwa na butwaa, mdomo ukaenda wenyewe. Nikaeleza kwamba kupima mfupa ni lazima uchukue kipande, ukisage kiwe unga.

Mama alinitazama.

"Walimusaga?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kesho yake asubuhi nikampigia Madame. Nilipomaliza kueleza nikamsikia analia. Akathibitisha: kipande cha paja kilikuwa kimeshasagwa, na unga haukutoa jibu lolote kwa sababu mfupa ulikuwa umeoza mno. Mabaki yako kwenye boksi, ghala la taasisi yao.

Sitamsema vibaya. Alihangaika kwa moyo. Lakini ghala linasema haliwezi kutoa mabaki ya binadamu bila ombi la serikali yetu. Ofisi ya serikali inasema nilete uthibitisho kwamba huyo ni dada yangu. Uthibitisho ni vipimo vya damu, ya mama ilinganishwe na mfupa. Maabara inasema hawawezi kukata mfupa mwingine bila idhini ya ghala. Na hata wakikata, huenda hakuna kitakachosomeka.

Nimezunguka humo mpaka nimechanganyikiwa. Madame sasa amestaafu. Aliyeshika nafasi yake ni mpole, anajibu kwa heshima, na kila mara anachelewa zaidi ya mara iliyopita.

Kuna siku mama aliniomba nimpeleke mlimani. Mjomba alitupokea, tukapanda wote watatu. Mama alitangulia, na njia aliijua kuliko mimi.

Watafiti wakimaliza hufukia shimo, wanaweka mifuko ya mchanga na udongo safi juu. Pamekaa sawasawa kama uwanja uliofagiliwa. Mama akauliza ni wapi hasa, nikamwonyesha. Akachuchumaa, akaweka kiganja chini.

"Kila nikija kwa kaka yangu," alisema, "nilikuwa naangalia huku juu. Siyo kuomba, apana. Kuangalia tu. Nilikuwa najua iko hapa."

Mjomba alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Sasa hapa hakuna mutu," mama alisema. Akainuka, akajikung'uta nguo, akaanza kushuka.

Padri wa parokia yetu alimsomea Claudine misa. Mama alikwenda, alikaa, alirudi. Hapo mwanzo kila jioni alikuwa ananiuliza kama wameandika kitu. Siku hizi haulizi tena. Anauza maharage yake, anarudi, analala. Nikimwangalia naona kama kuna kitu nilimnyang'anya ambacho vita yenyewe ilikuwa imemwachia.

Najua mtasema nilikuwa nafanya kazi yangu. Nimeambiwa na wengi. Haisaidii.

Funzo, kama lipo, ni hili. Nilijifunza kusoma udongo tabaka kwa tabaka, lakini sijawahi kumuuliza mama yangu miaka ile aliishi wapi na aliishije. Huku kwetu hatuulizani, tunaona kunyamaza ndiyo adabu. Vijana wenzangu mnaosoma mambo haya ya kuchimba: kabla ya kugusa mlima wowote, kaeni kwanza na wamama wa mlima ule. Mmoja mmoja, faragha, bila haraka. Mkianzia kwa mama zenu wenyewe itakuwa bora zaidi.

Naomba mnisaidie. Kuna yeyote humu aliyewahi kurudishiwa mabaki ya ndugu yake kutoka nje? Alianzia mlango gani? Wanasheria mpo, na wa maabara najua mpo.

Hata kama jibu ni kwamba haiwezekani, niandikieni hivyo hivyo. Nataka nipate neno la kumpelekea mama.