Mgongo Niliousingizia

Daktari wa Geita aliponiandikia ED, yaani karatasi ya kutoingia kazini siku thelathini, aliniagiza mambo mawili: nimeze vidonge, nikalime. "Nenda nyumbani kwenu, shika jembe, kaa na watu. Usijifungie ndani." Kumwambia askari magereza asijifungie ndani! Nikacheka, na nilikuwa sijacheka tangu Krismasi.

Ugonjwa wangu ulianza siku hesabu ya jioni ilipopungua mfungwa mmoja. Tulimtafuta saa nzima, tukamkuta amelala fofofo kwenye ghala la mahindi. Hakuna aliyetoroka isipokuwa usingizi wangu. Tangu hapo nikawa naamka kuwahesabu wanangu kitandani, nikimaliza naanza upya, mpaka mke wangu akaniambia twende hospitali.

Sasa kwa mama, Ushirombo, ningesemaje? Mama ambaye picha yangu ya magwanda ameizungusha kanisani hadi gulioni. Nilipofika, hata shikamoo yangu haijaitikiwa, akauliza nimepatwa na nini. Nikasema, "Mgongo, mama." Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Hakuna anayekucheka kwa mgongo.

Nilijichongea mwenyewe. Mama aliondoa godoro, akanilaza kwenye mbao. Jembe akalificha kwa jirani. Ndoo ya maji sikuruhusiwa hata kuigusa. Watu wote wa nyumbani wakienda kupalilia mpunga, mimi niliachwa uani kwenye kiti chenye egemeo, na kuku. Nikawahesabu kuku. Hali ikazidi kuwa mbaya, maana dawa niliyoandikiwa ilikuwa kule shambani, na aliyenizuia kuifuata ni mdomo wangu.

Jumamosi ya tatu jumuiya yetu ya kanisani ikaja tena kwetu kusali rozari na kuniombea. Mwenyekiti, bibi mmoja mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto, akatangaza kwamba leo pia ni mgongo. Watu wazima, wengine na magoti yao mabovu, wakaanza kupiga magoti kwenye udongo kuuombea mgongo mzima kama wa ndama. Aibu ikanishinda.

"Samahanini," nikasema. "Mgongo hauniumi. Haujawahi kuniuma. Ninaumwa akili. Silali, nahesabu vitu ovyo. Daktari amenituma nije nilime."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

"Kwa hiyo maombi yetu ya wiki mbili yalikwenda wapi?"

"Yalikuja kwangu," akadakia jirani yetu, mama mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango. "Wangu uliacha kuuma tangu Jumatano."

Watu wakaangua kicheko, mimi nao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa mara ya kwanza nikapata kitu cha kweli cha kuombewa. Lakini mama hakucheka. Yeye ndiye niliyekuwa namwogopa tangu mwanzo, wala sikuthubutu kumtazama.

Rozari ikasaliwa. Ukafika wakati wa kila mtu kutaja nia yake, watu wakaombea mvua, wakaombea mitihani ya wajukuu. Zamu ya mama ilipofika, alisimama, ingawa kwetu nia hutajwa watu wakiwa wamepiga magoti.

"Namwombea mwanangu," alisema. "Anaumwa akili, na ana karatasi ya daktari. Atakayetaka kumwita kichaa, aanzie kwangu."

Mwenyekiti akaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," kwa sauti yake ileile ya ng'ombe. Kisha mama akanigeukia.

"Ng'wanone, mwanangu, wiki zote hizi nimekunyima jembe. Nisamehe."

Mimi ndiye niliyedanganya, na yeye ndiye aliyekuwa anaomba msamaha. Nililia mbele ya jumuiya nzima, wala sikuficha uso.