Farida Alipovuka Ruvuma

Farida Mnalihinga alikuwa dereva wa kreni bandarini Mtwara, mwanamke mkimya asiyependa kusifiwa. Aliomba likizo ndefu, akapakia pikipiki yake melini, akazunguka Amerika ya Kusini peke yake. Kisha akaipita Ulaya, akashuka Afrika yote mpaka Cape Town na kuanza kurudi kwao. Majirani zake wa Rahaleo walizitazama picha zake kwenye simu wakasema huyu hana woga. Kumbe aliogopa kila siku: malori, mbwa, wanaume waliomfuata barabarani. Zaidi ya vyote aliogopa maji, maana hakujua kuogelea.

Alipofika mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, pantoni ilikuwa imekwama mchangani. Mvushaji mmoja, Mohamedi, akafunga mitumbwi miwili pamoja, akatandika mbao, wakaipandisha pikipiki na kuikaza kwa kamba.

"Dada, ishike isiyumbe. Na usisimame."

"Viboko wapo?"

"Wapo. Hapa ni kwao."

Katikati ya mto Farida hakuvihisi tena vidole vyake. Maji mazito ya tope yalikaribia kabisa ukingo wa mtumbwi. Mara yakafumuka kushoto kwao, kiboko akaibuka, akapuliza. Mohamedi aligeuza kasia kwa nguvu. Mitumbwi ikainama, kamba moja ikakatika, pikipiki ikamlalia Farida kifuani. Maji yakaanza kuingia.

"Iachie!"

"Siwezi!"

"Iachie dada, tunakufa!"

Mohamedi akaikata kwa panga kamba iliyobaki. Farida akafumba macho, akaisukuma pikipiki majini. Mitumbwi ikainuka. Kiboko naye akazama, na hapo hofu ikazidi, kwa kuwa sasa hawakujua yuko wapi. Farida akaanza Ayatul Kursi, akaikosea, akaanza tena, akaikosea palepale.

Walifika Kilambo, upande wa Tanzania, salama. Akapanda bodaboda, akiwa ameling'ang'ania shati la dereva.

"Polepole kaka, nakuomba."

Dereva akacheka. "Usijali mama. Ukipanda pikipiki mara ya kwanza lazima uogope."

Farida akafumba macho. Kijiji cha Madimba walikipita akiwa hajayafumbua.

Rahaleo watu walikuwa wamejaa uani, vigelegele tayari. Mama yake, Bi Asha, akatazama nyuma ya bodaboda.

"Pikipiki yako iko wapi?"

"Mtoni, mama."

Bi Asha akamkumbatia, akasikia mwili mzima unavyotetemeka. Akawageukia wageni: "Jamani, tuacheni kwanza." Akafunga mlango.

Maji yalipopungua zaidi, Mohamedi aliikuta pikipiki imezikwa nusu kwenye mchanga, akapiga simu. Farida hakwenda. Alimtuma kaka yake, Sudi, na ndiye anayeiendesha sasa. Kazini aliomba ahamishwe kutoka gatini, apewe kreni ya ndani, kwenye yadi ya makontena, mahali ambapo bahari haionekani. Walimkubalia, na mpaka leo yuko huko.